Hakuna nyota ya mchezo inayostahili kupanda kilima usiku

Wandugu na dada, vijana wa Hombo, wa ngambo zote mbili za mto, na ninyi wote mnaotusoma kutoka Bunyakiri, Itebero, Walikale, Masisi na fasi zingine,

Kwa kawaida ukurasa huu unabeba maneno juu ya barabara, vizuizi, usalama na walimu wenye hawalipwi. Leo tunaandika juu ya michezo ya telefone. Tunajua kuna wenye watacheka. Wazee wamoja watasema: "Inchi iko katika vita, na hawa watoto wanalia juu ya mchezo." Tunawaomba papa na mama zetu wasome mpaka mwisho, kwani jambo hili limeshafika fasi mbaya.

Jambo lenyewe ni hili. Vijana wengi wa hapa, wenye diplome na wenye hawana, wanacheza michezo ya mkakati: ile ya kujenga kijiji, kutayarisha askari, kuingia katika klani na kushambulia klani zingine. Ndani ya michezo hiyo kuna matukio ya muda. Tukio linafunguliwa siku mbili, wiki moja ao mwezi mmoja, kisha mlango unafungwa. Mwenye hakuingia kwa wakati anakosa zawadi, na mara nyingi anakosa pia heshima mbele ya wenzake. Na sababu rezo ya hapa inakuja na kwenda, kuna vijana wameanza kutoka nyumbani usiku, kupanda kilima kutafuta fasi antene inashika, ili wamalize shambulio lao mbele ya saa kuisha.

Usiku, hapa Hombo. Kila mtu wa hapa anajua maana yake. Tuko juu ya barabara ya taifa namba 3, kati ya Bukavu na Walikale, kwenye mpaka wa provensi mbili. Watu wenye silaha wa kila aina wamepita hapa miaka na miaka. Kijana mwenye kusimama peke yake juu ya kilima usiku wa manane, telefone inawaka mkononi, nani atamuamini akisema anacheza? Mmoja atamuita mpelelezi, mwingine atachukua telefone, mwingine atafanya mabaya kuliko hayo. Hatutaki kungojea maiti ya mtu ndipo tuandike. Ndiyo sababu tunaandika leo.

Namna saa inafanya kazi

Kwa wenye hawachezi, tueleze. Tuchukue mfano wa Clash of Clans, kwa kuwa unajulikana sana. Mchezo huo ulitolewa mwaka 2012 na kampuni ya Supercell ya Helsinki, kule Finland, na kwa telefone za Android ulifika 2013. Kuupakua ni bure. Mwanzoni mtu alijenga kijiji chake polepole, akaingia wakati anataka na kutoka wakati anataka. Mwaka 2014 vikaja vita vya klani: siku moja ya kujitayarisha, siku moja ya kupigana, kila mchezaji na mashambulio mawili. Mwaka 2017 ikaja Michezo ya Klani, ambayo kwa kawaida inaanza tarehe 22 ya mwezi na kumalizika tarehe 28. Mwaka 2018 ikaja Ligi: mwanzo wa mwezi klani nane zinawekwa pamoja, zinapigana siku saba mfululizo, na kila mchezaji ana shambulio moja tu kwa siku. Mwaka 2019 ikaja tiketi ya dhahabu, ya kulipia, yenye zawadi za mwezi mmoja. Mwaka 2022 vikaongezwa vita vya mji mkuu wa klani, kila mwisho wa juma.

Hesabuni wenyewe. Mwanzo wa mwezi ni Ligi. Mwisho wa mwezi ni Michezo ya Klani. Kila siku ya posho na ya yenga ni mji mkuu. Juu ya yote hayo kuna msimu unaoisha na matukio ya sikukuu. Kupumua ni wakati gani? Na haiko mchezo huo peke yake. Katika Rise of Kingdoms kuna pambano linaitwa Ark of Osiris, watu 30 kwa 30, lenye kudumu saa moja tu, kwa siku na saa iliyopangwa mbele. Saa moja! Hapa kwetu rezo inaweza kukosekana siku nzima, na hakuna mwenye anatoa habari.

Juu ya nini watengenezaji wanafanya hivi? Mchezo ni bure, lakini kampuni haiishi na hewa. Inaishi na wachezaji wachache wenye wanalipa, na inahitaji wengine wote warudi kila siku ili klani zijae na mchezo usikauke. Kumrudisha mtu kila siku kuna njia mbili: kumpa kitu cha kumfurahisha, ao kumtia woga wa kupoteza. Ya pili ni rahisi zaidi. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba kupoteza kitu kunamuuma mtu kuliko vile kupata kitu hicho hicho kunamfurahisha. Saa yenye kuhesabu kwa kurudi nyuma imejengwa juu ya uchungu huo. Haikuambii "karibu ucheze". Inakuambia "utakosa".

Mateso yake hapa kwetu

Malalamiko haya hayakuanzia Hombo. Wachezaji wa Ulaya, wa Asia na wa Marekani wanalalamika pia. Wanasema wamechoka, wanasema mchezo umekuwa kama kazi ya pili, wanaamka usiku kwa sababu ya kengele. Tunawaelewa. Lakini wao wanalalamika na umeme ukutani na rezo ndani ya nyumba. Saa ya mchezo ilitengenezwa na mtu mwenye kuwaza kwamba kila mchezaji ni bwana wa wakati wake. Sisi hatuko mabwana wa wakati wetu kwa mambo matatu.

La kwanza ni umeme. Hapa telefone zinachajiwa na pano za jua ao kwenye kibanda cha kuchajisha. Mvua ikinyesha siku mbili, na hapa inanyesha kweli kweli, pano haishibi na batri inakufa. Shambulio la siku ya tatu ya Ligi linapita. Katika klani andiko linabaki: jina lako, na sifuri pembeni yake.

La pili ni rezo na mega. Kijana mwenye hana kazi ananunua forfe ndogo, ya siku moja, kwa kuwa ndiyo yenye anaweza kulipa. Ananunua asubuhi ili acheze, rezo inapotea saa tatu, inarudi usiku wa manane, na mega zake zimeshakwisha muda bila kutumika. Kwa hiyo anapigwa na saa mbili kwa mara moja: saa ya mchezo na saa ya forfe. Zote mbili zinamwambia kosa ni lake.

La tatu ni vita, na hapa tunasema vita ya kweli. Kijana mmoja wa kati yetu, jina tunaliacha, alikuwa katika klani ya watu wa inchi nyingi. Alikuwa mshambuliaji mzuri, miezi mingi hakukosa hata siku moja. Kisha milio ya risasi ikasikika, familia ikafunga vitu na kwenda, na yeye akabeba wadogo zake, hakubeba chaja. Siku nyingi zilipita. Wakati aliwasha tena telefone, alikuta ametolewa katika klani, na neno moja limeandikwa: "mvivu". Alifukuzwa katika vita ya mchezo juu ya kukimbia vita ya kweli. Alituambia kwa kucheka, lakini hakucheka mpaka mwisho.

Wakubwa wa klani ile hawakujua. Hatuwalaumu sana. Katika orodha ya mchezo mtu mwenye alilala na mtu mwenye alikimbilia msituni wanaandikwa sawasawa. Lakini mkumbuke mwaka 2025: Goma mwisho wa mwezi wa 1, Bukavu katikati ya mwezi wa 2, Walikale-centre mwezi wa 3. Katika kila moja ya miezi hiyo Ligi ilifunguliwa na kufungwa kwa tarehe zake, kama kawaida, na vijana wetu walihesabiwa kama watu wenye hawakujali.

Kuna pia wakati rezo haikukatwa na mvua wala na risasi. Kuanzia tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, nyuma ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi nzima, ikarudi karibu tarehe 20 mwezi wa 1 mwaka 2019. Siku ishirini. Mwaka 2015 pia, mwezi wa 1, ilikatwa wakati watu waliingia barabarani kupinga mabadiliko ya sheria ya uchaguzi. Hakuna mchezo hata mmoja unaongoja inchi yenye serikali yake imezima intaneti.

"Muache tu kucheza"

Tunasikia jibu hili kila siku, na linastahili kujibiwa. Kuna wenye wanaweza kuacha, na waache. Mwenye anakula pesa ya sabuni ya mama yake ili anunue mega za mchezo, huyo tunamwambia wazi: acha, ao upunguze. Harakati yetu haitetei kupoteza siku nzima mbele ya kioo.

Lakini tuseme ukweli juu ya maisha ya kijana hapa. Amemaliza masomo, diplome iko ndani ya plastiki chini ya kitanda, kazi hakuna. Wenzake wa shule wametawanyika: mmoja Goma, mmoja Kisangani, mmoja Kampala, mmoja Nairobi, mmoja katika kambi. Klani ndiyo fasi moja ambayo wanakutana bado. Wanapanga pamoja, wanabishana, wanasaidiana askari, wanaulizana habari za nyumbani. Hakuna anayemuuliza kabila lake wala yeye ni wa ngambo gani ya mto. Na kijana mwenye anapanga shambulio la mchezo na rafiki zake, usiku huo hayuko katika kikosi chenye silaha ya kweli. Wazee, msiidharau fasi hiyo. Ni juu ya kuipenda kwamba tunaomba saa yake isituue.

Saa mbili, hazilingane

Hatusemi kila kikomo cha muda ni kibaya. Tungesema hivyo tungekuwa wajinga. Mpira wa miguu una dakika 90. Vita kati ya klani mbili vinahitaji mwisho, la sivyo upande mmoja utangojea mpaka mwaka ujao. Wapinzani wanatoka inchi mbalimbali na lazima wajue vita vinaisha lini. Saa hiyo ni saa ya mchezo, na tunaiheshimu.

Saa nyingine ni saa ya biashara. Ni ile inayosema: kofia hii ya shujaa itapatikana siku tano tu, zawadi ulizozifanyia kazi mwezi mzima zitapotea usipozichukua, lipa sasa ili umalize ngazi ulizokosa. Hakuna mpinzani mwenye anangojea hapo. Hakuna kinachoharibika katika mchezo kama mtu wa Hombo akichukua zawadi yake wiki mbili nyuma. Mlango umefungwa ili mtu awe na haraka, na haraka ndiyo inauzwa.

Ukitaka kutambua saa uliyo nayo mbele yako, jiulize swali moja: nikichelewa, nani anaumia? Kama ni mwenzako wa klani ao mpinzani wako, hiyo ni saa ya mchezo. Kama hakuna mtu mwenye anaumia isipokuwa wewe, hiyo ni saa ya biashara.

Na saa ya biashara inaweza kuondolewa. Hatuoti. Mwezi wa 5 mwaka 2024, mamlaka ya Uholanzi yenye kulinda walaji, ACM, iliipiga kampuni ya Epic Games faini ya zaidi ya euro milioni moja juu ya mchezo Fortnite. Moja ya sababu zilikuwa saa za duka lake: zilihesabu kwa kurudi nyuma, mtoto akaamini kitu kitapotea, kumbe vitu vingine viliendelea kuuzwa nyuma ya saa kufika sifuri. Fortnite haiko mchezo wa mkakati, lakini ujanja ni ule ule. Upande mwingine, mchezo Halo Infinite ulitoka mwaka 2021 na tiketi ya msimu yenye haiishi: ukiinunua ni yako, uimalize mwaka huu ao mwaka ujao. Mchezo haukuanguka kwa sababu hiyo.

Na Clash of Clans yenyewe ilitoa muda wa kungojea askari kutayarishwa, mwezi wa 3 mwaka 2025. Zaidi ya miaka kumi wachezaji walingojea askari wao, dakika kwa dakika, na wengi waliwaza kwamba mchezo hauwezi kuishi bila hiyo. Siku moja ukaondolewa na mchezo ukaendelea. Kwa hiyo mtu akituambia "muda ndio mchezo wenyewe", tunamuomba atazame tena.

Saa hii tunaijua tangu zamani

Kuna sababu nyingine yenye inaleta jambo hili kwenye ukurasa wa harakati ya raia. Maneno "muda umeisha" hatukuyasikia kwanza katika mchezo.

Mwaka 2023 CENI ilifungua vituo vya kuandikisha wapiga kura upande wetu wa inchi mwezi wa 2, kwa siku zenye kuhesabiwa. Masisi na Rutshuru vita iliwazuia watu. Tarehe 20 mwezi wa 12 inchi ikapiga kura bila Masisi, bila Rutshuru, bila Kwamouth. Na mbele ya hapo, uchaguzi wa 2018: Beni, Butembo na Yumbi zilipangiwa kupiga kura mwezi wa 3 mwaka 2019, wakati rais alikuwa amekwisha kuapishwa mwezi wa 1. Watu wale waliitwa kucheza mchezo wenye ulikuwa umeisha.

Hatulinganishi kura na nyota za mchezo. Kura ni haki, nyota ni furaha. Lakini kijana mwenye amezoezwa kuona kwamba mlango uliofungwa ni kosa lake, kwamba mwenye amekosa ni mvivu, huyo atakubali pia tangazo la kazi lenye linabandikwa leo na kufungwa kesho, na forfe yenye kufa usiku wa manane, na kituo chenye kufungwa mbele ya watu wa kijiji kufika. Tunataka azoee kuuliza: nani aliweka saa hii, na kwa faida ya nani?

Na mtu asituambie mambo ya telefone ni ya watoto. Mwaka 2020 serikali ilileta kodi ya RAM, kodi juu ya simu, dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na dola 7 kwa simu ya 3G na 4G, ikakatwa moja kwa moja katika unite zetu. Vijana wa harakati za raia walisimama pamoja na wabunge na walaji, wakaandika, wakapiga kelele, na mwanzo wa 2022 kodi ile ikaondolewa. Ilianza kama malalamiko ya watu wenye unite zao zilipotea.

Tukumbushe tena kwamba bati linachimbwa Bisie, katika Walikale yetu, na koltani inachimbwa Rubaya, katika Masisi. Madini ya aina hiyo yako ndani ya telefone zenye michezo hii inachezwa, kule Helsinki na hapa. Hatuombi sadaka. Tunaomba tuhesabiwe kama wachezaji.

Tunachoomba na tunachoamua

Kwa vijana wenzetu. Kuanzia leo, hakuna kutoka usiku juu ya shambulio la mchezo. Hakuna. Shambulia mchana, mwanzo wa siku ya vita, usingojee saa za mwisho. Mwenye anajua rezo yake ni mbaya wiki hiyo, abonyeze alama ya kukataa vita katika wasifu wake mbele ya orodha kutengenezwa. Alama hiyo iko, ni wachache wenye wanaitumia. Michezo ya Klani inafungwa tarehe 28 saa nne ya asubuhi kwa saa yetu. Mtu asingojee usiku wa tarehe 27 kukimbiza pointi. Na mwenye hana pesa asinunue tiketi ya msimu. Hiyo ni saa ya biashara.

Kwa wakubwa wa klani wa hapa na wa diaspora. Katika Ligi mnaweza kuandika watu wengi kuliko 15 wenye wanapigana kila siku, na kubadilisha mtu kwa mtu mbele ya kila vita. Fanyeni hivyo. Andikeni 20 ao 25, wa Hombo na wa Walikale wapumzike siku rezo imekufa. Msimfukuze mtu mbele ya siku 30 kupita na mbele ya kuuliza habari zake kwa ndugu ao rafiki. Mwenye ametoroka vita fasi yake ingoje.

Kwa wenye kutengeneza michezo. Tunaomba mambo matatu madogo. Zawadi ambayo mtu ameshaifanyia kazi isipotee msimu ukiisha. Vitu vya tukio virudi baadaye kwa njia ya kawaida, bila kulipisha haraka. Na klani iweze kuweka alama ya ruhusa kwa mchezaji mwenye yuko katika inchi yenye intaneti imekatwa ao yenye vita, ili asiandikwe sifuri. Barua yetu tutaituma kwa Kiingereza na Kifaransa kwa kampuni kadhaa, na majibu yao, kama yatakuja, tutayaweka hapa hapa.

Kwa kampuni za simu na kwa ARPTC yenye kuzisimamia. Mega zilizolipwa ni mali ya mwenye alilipa. Kama rezo imekatika siku nzima, muda wa forfe uongezwe siku moja. Jambo hili halihusu mchezo peke yake. Mama mwenye anauza mawese na anangojea pesa kwa telefone anapoteza vile vile.

Kwa wazazi. Papa, mama, yaya, msimpige mtoto juu ya mchezo na msimuache atoke usiku. Muulizeni vita vyake vinaisha saa ngapi. Ataona haya, kisha atajibu, na mtajua kama ana sababu ya kuamka.

Kwa upande wetu, siku ya yenga ya kwanza ya kila mwezi, nyuma ya misa na ibada, tutakaa pamoja kwenye nyumba yetu ya mkutano, mchana, na pano moja ya kuchajisha telefone za wote. Wenye kucheza watafanya mashambulio yao pale, wenye hawachezi watasaidia kuandika barua kwa ARPTC. Kila mtu alete kamba yake ya kuchaji. Mkutano unaanza saa nane, na kabla ya giza kila mtu awe amerudi kwake.

Vijana wa harakati ya raia, Hombo